Jiwe kwenye foleni ya maji: kwa nini mawazo tunayoyaandika bado yanatupotea?

MamaKaunta (mleta mada), Ipagala, Dodoma

Mbukwenyi wanajukwaa.

Nimeandika michezo ya redio kwa miaka kumi na moja, mingi ikiwa ile mifupi ya dakika kumi na tano, na katika muda wote huo ushauri niliopewa mara nyingi kuliko mwingine ni huu: wazo likikujia, liandike kabla halijakimbia. Niliutii. Kabatini nina kaunta buku nne zilizojaa, na kwa muda mrefu nilizihesabu kuwa akiba, kama mtu mwenye magunia ya mtama ghalani.

Mwaka jana studio moja iliniomba mawazo sita ya tamthilia, kwa muda wa wiki mbili. Sikushtuka hata kidogo, kwa sababu nilijua ghala limejaa. Nilikaa sebuleni na kaunta buku zote nne, nikaanza kusoma. "Mzee wa saa, asirudi." "Harusi, lakini kwa upande wa mpishi." "Mlango wa bluu!!" Hili la mpishi nililielewa. Mengine yalikuwa kama barua iliyoandikwa na mtu mwingine kwenda kwa mtu mwingine. Huo mlango wa bluu niliupigia mstari mara tatu, kwa hiyo siku ile lazima uliniwasha sana, lakini mpaka leo sijui ulikuwa mlango wa nani, wala nani alisimama mbele yake. Nilipeleka mawazo mawili tu, moja wapo nikiwa nimelibuni ndani ya bajaji nikiwa njiani kwenda studio, na kazi wakapewa wengine.

Tangu siku hiyo nina dai moja ambalo ningependa mlipime. Wazo haliokolewi kwa kuandikwa tu. Likiandikwa vibaya, linapotea kwa namna mbaya zaidi kuliko lingesahaulika, kwa sababu linakuacha ukiamini kwamba unalo.

Nitatoa mfano. Mtaani kwetu maji huja kwa mgao, na kwenye kioski cha maji foleni huanza kabla ya alfajiri. Ndoo ikiachwa peke yake huibiwa, kwa hiyo wanawake hupanga mawe. Kila mmoja ana jiwe lake, na kila mmoja analijua jiwe la mwenzake kama anavyoijua sauti yake. Asubuhi moja niliona jiwe bapa, lenye rangi ya kutu, ambalo mwenyewe hakuwepo. Mama aliyekuwa nyuma yake alilisogeza kwa mguu kila foleni iliposogea. Lilipofika bombani aliliinua, akalibeba kwa mikono miwili hadi mwisho wa foleni, akaliweka chini, kisha akarudi kukinga maji yake. Nilimuuliza jirani ni la nani. Akanitajia mama mmoja wa mtaa wa pili tuliyemzika wiki iliyotangulia. Nikauliza kwa nini basi lipo. Akanijibu, "Sasa nani alitoe?"

Kwa mazoea yangu ya zamani ningeandika maneno matatu, "Jiwe, foleni, marehemu", nikajiona nimenasa kitu, na baada ya miezi minane ningekuwa na mlango wa bluu mwingine. Safari hii nilikaa juu ya dumu langu nikaandika ukurasa mzima: tarehe, rangi ya jiwe, mguu uliolisogeza na kandambili iliyokuwa kwenye mguu huo, lile jibu la jirani neno kwa neno, kisha nikaongeza sentensi moja juu ya kilichonisimamisha mimi. Hii ya mwisho ndiyo ngumu. Si rahisi kusema kwa nini kitu kimekugusa, na mara nyingi ukijaribu unagundua kwamba kilichokugusa si kile ulichodhani. Mimi nilidhani ni kifo. Nilipoandika nikaona ni ile mikono miwili. Jiwe lile lingeweza kubebwa kwa mkono mmoja.

Jambo la pili ni kurudia. Kila Jumamosi jioni nasoma yote ya wiki, na yale ambayo bado yananichoma nayanakili kwa mkono kwenye daftari jingine. Sikati wala sipigi picha ukurasa, nanakili, kwa sababu mkono ni mvivu na hauwezi kudanganywa: wazo ambalo sioni sababu ya kuchosha mkono kwa ajili yake naliacha hapo lilipo bila chuki. Linalonakiliwa Jumamosi tatu mfululizo ndilo ninalokaa nalo mezani. Ni machache mno. Katika nusu mwaka yamefika manne.

Naomba wenzangu mnaobuni vitu, hata kama si maandishi, mseme mnayanasaje yenu, na hasa mnayalea vipi baada ya kuyanasa.

RandaYaKizota

Dada, shukrani kwa mada hii. Mimi ni seremala, na nakiri kwamba sijawahi kununua kaunta buku isipokuwa ya hesabu za wateja. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipiga picha kwa simu kila ninachokipenda: miguu ya kiti hotelini, namna bawaba ilivyofichwa kwenye kabati la zamani, hata kivuli cha dirisha sakafuni. Sasa simu ina maelfu ya picha, na katikati yake kuna za harusi, za shambani na za vocha. Nikitaka ile bawaba siipati. Kwa hiyo ninathibitisha ulichosema, kwamba kunasa si kuwa nacho.

Kilichonisaidia ni ukuta. Upande mmoja wa karakana nimeupaka rangi nyeusi, na wazo likija nalichora kwa chaki, kubwa, likiwa na vipimo. Ukuta una eneo dogo, kwa hiyo jipya likija lazima nifute la zamani, na ninapokuwa nimeshika kitambaa ndipo najua lipi nalipenda kweli. Naona ni sawa na kunakili kwako, isipokuwa wewe unachosha mkono na mimi naumiza roho.

Kuhusu kulilea wazo, sianzi na mninga. Mbao imepanda bei, na kosa moja la msumeno ni hasara ya siku nzima. Naanza na boksi la friji. Nakata kiti kizima kwa boksi na gundi, nakiweka mlangoni, na kwa siku mbili naangalia watu wanavyokizunguka. Mmoja atajaribu kukikalia, hapo nacheka, lakini najua nimepatia kimo.

Niongeze kwamba mawazo yangu mengi hayatoki kichwani, yanatoka kwenye mabaki. Nikiwa na vipande vya mkongo vya urefu wa sentimita 40 ambavyo havifai kitu, swali linakuwa moja tu, navyo nifanye nini, na swali la namna hiyo linazaa kuliko lile la "nibuni nini leo". Edward Said Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za dukani za wachoraji. Alitumia vibao vyembamba vya ujenzi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Rangi ile haichanganyiki kirahisi kama rangi za wachoraji wa shule, na kwa macho yangu ya fundi ndiyo maana michoro yake ina mipaka mikali na uso unaong'aa. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo bado unaitwa kwa jina lake.

NgomaYaChamwino

Naomba kutofautiana na mleta mada, kwa heshima.

Mnazungumza kana kwamba wazo lina maadui wawili tu, kusahau na kuandika vibaya. Huku Chamwino nimekulia kati ya waimbaji ambao wengi wao hawakushika kalamu, na nyimbo zao zipo. Mama anayepiga muheme, ngoma ameibana kati ya mapaja, akipata mstari mpya wa wimbo haukimbilii karatasi. Anauimba kwa wenzake jioni ileile. Wakiupokea, umehifadhiwa vinywani mwa watu kumi na tano. Wasipoupokea, umekufa, na hakuna anayeulilia. Kesho yake mmoja wa wale kumi na tano anauimba kwa kuukosea kidogo, na kosa lile linakuwa zuri kuliko asili yake, nalo linabaki. Hukwe Zawose, aliyetoka huku kwetu akaufikisha muziki wa Kigogo kwenye majukwaa ya nchi za mbali kabla ya kufariki mwaka 2003, alibeba urithi uliojengwa hivyo, sauti juu ya sauti na mdomo baada ya mdomo.

Hoja yangu ni kwamba daftari linahifadhi wazo likiwa peke yake, na wazo likikaa peke yake linadumaa. Dada, hilo jiwe lako umelificha Jumamosi tatu. Je, umemsimulia nani?

MamaKaunta

Ndugu wa Chamwino, umenishika pabaya. Sijamsimulia mtu. Nilikuwa na hofu ile ya waandishi kwamba ukilisema utalimaliza, na nakiri hofu hiyo ina ukweli kwangu: nikisimulia sana, hamu ya kuandika inapungua, kana kwamba nimeshalipwa. Lakini nitalifikiria swali lako. Seremala naye ametuonyesha kwamba hata kiti huwekwa mlangoni kikiwa bado boksi.

MwalimuWaKondoa

Habari za jioni. Nafundisha fizikia, na kila mwaka nawapa wanafunzi wangu kisa cha Erasto Mpemba, ambacho nadhani kinahusu mada hii kuliko kinavyohusu maji.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Wavulana walikuwa wakitengeneza askrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo, akaogopa kukosa, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliweka yake wakati huohuo bila kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Wengi wetu wazo lingekufia hapo. Yeye alikaa nalo. Likizo moja alimkuta rafiki yake aliyekuwa akiuza askrimu Tanga mjini, akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, kwa sababu huganda upesi. Yaani wauza askrimu walilijua jambo lile kama mbinu ya biashara na hawakuona kwamba ni swali. Alipofika sekondari ya juu, Iringa, aliuliza tena, akachekwa tena, na darasa likageuza jina lake kuwa utani kila alipokosea. Kisha Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alikuja kutoa mhadhara, na Mpemba akasimama.

Hapa ndipo nawataka wanafunzi wangu wasikilize. Hakusema "askrimu yangu iliganda". Aliuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kwenye nyuzi joto 35 na kingine kwenye nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Miaka ile yote wazo lilikuwa limelelewa. Limevuliwa maziwa, sukari na ugomvi wa nafasi, likabaki mifupa ambayo mtu mwingine angeweza kuishika na kuipima. Osborne alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana juu ya sababu, na wengine wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kila mara, jambo ambalo naona ni sifa kwa swali.

Kwa hiyo, Mama, kanuni yako ya kuandika kila kitu, hadi kandambili, naikubali kwa siku ya kwanza tu. Baadaye lazima uvue. Na kujua ni kitu gani cha kuvua, hapo sina kanuni ya kukupa. Nina wanafunzi arobaini wanaovua maji na kubakiza friza.

MwanachuoIpagala

Shikamooni wakubwa zangu. Ninasoma hapa Dodoma, na kila tunapopewa kazi ya kikundi tunaambiwa tubungue bongo pamoja. Matokeo ni yaleyale: anayeongea kwanza ndiye kazi inakuwa yake, na sisi wengine tunakuwa makarani.

Nilikuja kusoma kwamba jambo hili liliwahi kupimwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1958. Watu walioketi pamoja kubuni walilinganishwa na idadi ileile ya watu waliobuni kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakakusanywa kwenye orodha moja. Waliokuwa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi, na hata mazuri yalikuwa mengi zaidi. Sababu mojawapo iliyokuja kuelezwa na watafiti wa baadaye ni rahisi: mmoja akizungumza, wengine wanasubiri, na wakati wa kusubiri la kwako linafifia.

Kwa hiyo naona Ndugu wa Chamwino na Mama wote wana haki, ila kwa saa tofauti. Siku hizi katika kikundi chetu kila mtu anaandika robo saa akiwa kimya, ndipo tunasomeana. Mimi mwenyewe siandiki, narekodi sauti kwenye simu nikitembea, na nikirudi chumbani nasikiliza na kuandika kwa usiku uleule. Nikilala bila kusikiliza, sisikilizi tena kamwe.

ZabibuYaHombolo

Nimesoma yote kimyakimya. Mimi ni mkulima, na naona mnayasifu mawazo kupita kiasi.

Nendeni Kongwa, si mbali. Baada ya vita vikuu vya pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mtu mwenye wazo zuri akasema karanga zilimwe Tanganyika. Lilikuwa wazo zuri kweli, tena liliandikwa vizuri, likachorewa ramani, likapelekwa bungeni kwao. Ujumbe wa uchunguzi wa mwaka 1946 ulikaa wiki chache tu. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka kwa shabaha ya ekari zaidi ya milioni 3. Mvua hapa haina ahadi, na ule udongo wa mfinyanzi ukikauka hushika kama tofali lililochomwa, kwa hiyo hata karanga zilizoota zilikuwa zimefungwa ardhini. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mamilioni ya pauni yakiwa yameshakwenda. Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia habari za udongo ule katika dakika tano, bila malipo.

Mimi nikitaka kujaribu aina mpya ya mzabibu, napanda mistari miwili pembeni na kuiangalia kwa misimu kadhaa. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo jibu halichelewi kama kwingine, na hata hivyo sipandi shamba zima kwa jibu la msimu mmoja. Wazo linalonisisimua sana ndilo ninalolipa eneo dogo zaidi. Nimeshaumia.

Mama, swali langu ni dogo. Umeona jiwe, ukaulizia kwa mtu mmoja, akakujibu kwa maneno matatu. Wenye udongo wenyewe umewauliza?

MamaKaunta

Narudi baada ya siku tisa, na naomba radhi kwa kuchelewa.

Nilianza na ushauri wa Chamwino. Nilimsimulia fundi cherehani niliyepanga naye, huku nikijifanya napitisha muda, na nikamwangalia mikono badala ya uso. Nilipofika kwenye jiwe kubebwa, mashine ilisimama. Nilipoanza kueleza hofu ya wale wanawake mbele ya kifo, mashine ikaendelea kushona. Sehemu niliyoithamini kuliko zote ilikuwa inamchosha.

Kisha nikafanya alichosema mzee wa Hombolo. Nilikwenda kwenye foleni mapema kuliko kawaida, nikakaa karibu na yule mama mwenye kandambili, na tulipokuwa tukisubiri nikamwambia wazi kwamba naandika hadithi kuhusu jiwe ambalo watu wanaogopa kulitoa. Akanitazama kwa huruma. "Nani anaogopa?" Marehemu ana binti, mtoto wa darasa la sita, ambaye amekwenda kwa bibi yake Mpwapwa mpaka arobaini iishe. Akirudi atakuwa yeye ndiye anayechota maji ya nyumba ile, na mtoto asiye na jiwe hapati nafasi mpaka jua liwake. Kwa hiyo wanamtunzia. Jiwe lazima lionekane kwenye foleni kila siku, lifike bombani, lirudi nyuma, la sivyo watasema nafasi imekufa. Na ile mikono miwili niliyoijengea falsafa ukurasa mzima, nikamuuliza, akasema mkono wake wa kulia una baridi yabisi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja. Nilikuwa nimenakili Jumamosi tatu kitu ambacho sikukielewa, nikakinakili vizuri sana. Lakini bila ule ukurasa nisingekuwa na cha kwenda kuulizia. Nimevua kama Mwalimu alivyoagiza: kifo kimetoka katikati, kimekaa pembeni, na katikati sasa yupo mtoto anayekuja kudai nafasi ya mama yake. Majina, mtaa na umbo la jiwe nitavibadilisha, kwa sababu watu wale ni jirani zangu na nitaendelea kuchota maji nao.

Jana binti amerudi. Wanawake wawili wa nyuma, ambao siku zote hizi walikaa kimya, wameanza kusema kwamba nafasi ya foleni hairithiwi, na kwamba kila mtu aje na jiwe lake. Yule mama wa kandambili amewajibu maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa jukwaani. Nimeyaandika yote, ya pande zote mbili, na mtoto nimemwandika alivyokuwa amesimama, amelikanyaga jiwe kwa mguu mmoja.

RandaYaKizota

Dada, na ule mlango wa bluu?

MamaKaunta

Bado. Kama kuna mtu wa Dodoma aliyenisikia nikiutaja kati ya mwaka 2019 na 2022, tafadhali aniandikie.